Kumtoa kaa kwenye jiwe: mwongozo wa visukuku vya Sheppey kwa anayeanza

"Nimeokota jiwe lina kitu kama mguu wa kaa. Nilipasue? Nililoweke kwenye siki? Nipake vanishi ling'ae?" Maswali haya hayaishi kuulizwa na Waswahili walioko Uingereza ambao wameanza kutembelea fukwe za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na watoto wao. Jibu ni hapana kwa yote matatu. Mwongozo huu unaeleza la kufanya badala yake, tangu siku unayoshuka ufukweni hadi kaa anapokaa kwenye boksi lake na lebo yake.

Nimechagua sehemu moja niijuayo vizuri: kisiwa cha Sheppey, kaskazini mwa Kent, pale mto Thames unapomwagika baharini. Kati ya Minster na Warden Point kuna magenge marefu ya udongo wa mfinyanzi uitwao London Clay. Udongo huo ulitulia chini ya bahari yenye joto takriban miaka milioni 50 iliyopita. Bahari ya leo inayala magenge hayo, matope yanachukuliwa na maji, na vitu vigumu vinabaki ufukweni: meno ya papa, matunda ya mnipa (mnazi wa kwenye mikoko ambao leo unaota Asia ya kusini), vijiti vilivyogeuka madini, na ndani ya madonge ya fosfeti (mawe madogo yaliyoganda ndani ya udongo huo), kaa na kamba.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kumpata kaa. Sivyo. Kaa wengi huharibikia mezani, mikononi mwa mtu aliyeanza kuchonga kabla hajajua mnyama amelala vipi ndani ya jiwe. Kwa hiyo hatua ya 5 hapa chini ndiyo ndefu kuliko zote. Tafadhali usiiruke.

Unachohitaji ufukweni

- Jedwali la maji kupwa na kujaa la Sheerness, bandari ya kisiwani hapo
- Viatu vya mpira vinavyofika magotini na nguo za kuzuia upepo
- Simu yenye chaji, na mtu nyumbani anayejua uko wapi na utarudi saa ngapi
- Mifuko midogo ya plastiki, magazeti ya kufungia, daftari na penseli
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10

Nyundo iache nyumbani. Magenge ya Sheppey ni eneo linalolindwa kisheria kwa ajili ya jiolojia yake, na hakuna sababu ya kuchimba. Bahari imekwisha kukuchimbia. Okota kilicholala ufukweni tu.

Unachohitaji mezani

- Beseni na maji baridi ya bomba
- Mswaki laini na sindano nene zenye mpini
- Taa yenye shingo inayopindika, na darubini ya meza au angalau kioo kikubwa cha kukuzia
- Kalamu ya hewa, yaani kile chombo chenye ncha ya chuma inayogongagonga kwa nguvu ya kompresa
- Paraloid B-72, yaani plastiki ya kugundishia na kukazia visukuku, na asetoni ya kuiyeyushia
- Miwani ya kinga, vizuia sauti vya masikio, na barakoa ya vumbi ya daraja la FFP3
- Mfuko wa mchanga wa kulaza donge lisiyumbe

Kalamu ya hewa na kompresa ni ghali. Kama huna, usikate tamaa: hatua 1 hadi 6 hazivihitaji, na sindano pekee inaweza kufanya mengi kwenye donge ambalo bahari imeshalila nusu. Vikundi vya wapenda visukuku pia huwa na wanachama wanaokubali kukuonyesha na hata kukuazima.

Hatua

1. Panga siku kwa maji, si kwa kalenda yako. Anza kutembea wakati maji yanakupwa na uwe umegeuka kurudi kabla hayajaanza kujaa, kwa sababu chini ya magenge hakuna pa kukimbilia. Siku za bamvua maji hukupwa mbali na ufukwe mpana hufunuka, lakini kumbuka bamvua ile ile hujaza juu pia. Siku baada ya dhoruba za majira ya baridi ndizo bora, maana mawimbi yameosha matope na kuacha mawe wazi.

*Tahadhari.* Matope yaliyoporomoka kutoka kwenye genge huonekana makavu juu, na chini yake ni uji mtupu. Mtu huzama hadi mapajani kwa hatua mbili. Usikatize juu ya maporomoko hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu, na usikae chini ya genge baada ya mvua. Ukikwama, acha kujivuta kwa nguvu, kaa au jilaze nyuma ili uzito wako utawanyike, kisha piga 999 na uwaombe Coastguard.

2. Tembea polepole, macho chini. Utakachoona kwanza si kaa. Ni mawe makubwa ya rangi ya udongo yenye nyufa zilizojaa madini meupe au ya manjano. Hayo ndiyo mawe ya saruji: mwaka 1796 James Parker alichukua hataza ya saruji iliyotengenezwa kwa kuchoma mawe ya namna hii, na kwa miaka mingi yaliokotwa Sheppey kwa shehena. Mara chache yana kitu chetu. Utaona pia pairiti nyingi, madini ya chuma na salfa, nzito, ya rangi ya shaba au nyeusi. Nayo iliwahi kuwa biashara hapa tangu karne ya 16, ikiokotwa kutengeneza chumvi ya chuma iliyotumika kwenye rangi na wino.

Donge la kaa ni dogo zaidi, mara nyingi linajaa kiganjani, la kijivu au kahawia iliyokolea, na ni zito kuliko unavyotarajia. Usitafute umbo la kaa mzima. Tafuta dalili: kipande cha gamba cheusi au cha kahawia kinachong'aa kidogo, chenye vinundu au vidoti vidogo kama vile kimechorwa kwa makusudi, duara au yai dogo jeusi kwenye uso wa jiwe, ambalo ni mguu uliokatwa na mawimbi, au ncha ya gando yenye meno. Ukiona maduara mawili au matatu yamejipanga upande mmoja wa donge, okota bila kusita. Hiyo ni safu ya miguu.

Zege lililovunjika, matofali yaliyosuguliwa na makaa ya tanuri huwadanganya wengi. Lenzi hutatua: gamba la kweli lina unene wake na mpaka ulio wazi kati yake na jiwe.

Kama donge limepasuka vipande, piga magoti uvitafute vyote hapo hapo, hata vile vidogo. Kipande ambacho hukukiokota leo, wimbi la usiku litakichukua.

3. Andika kabla hujaondoka. Tarehe, mahali pa ufukwe kwa kipimo cha ramani ya simu, na umelikuta limelala wazi au kwenye matope ya maporomoko. Karatasi iingie mfuko mmoja na donge. Kaa mzuri asiye na mahali alipotoka ni pambo tu. Mwanasayansi hawezi kumtumia.

4. Toa chumvi. Osha donge kwa mswaki, kisha liangalie kwa lenzi kama lina vimetameta vya dhahabu.

Kama havipo, liloweke kwenye maji ya bomba na ubadilishe maji kila siku kwa wiki kadhaa. Lianike kivulini, ndani ya nyumba, likauke taratibu. Likitoa ungaunga mweupe juu, chumvi bado ipo, lirudishe majini.

Kama vipo, hiyo ni pairiti, na kuloweka muda mrefu ni kuikaribisha ioze. Suuza haraka, piga mswaki, kausha vizuri, na uende moja kwa moja kwenye hatua ya 5.

*Tahadhari.* Usikaushe kwenye jiko, juu ya hita wala juani. Udongo uliobaki ndani husinyaa ghafla na kulipasua donge kupitia katikati ya gamba.

5. Lisome donge. Sasa kaa chini na taa yako. Usishike chombo chochote isipokuwa penseli. Ilaze taa iwe ubavuni ili kila kinundu kitupe kivuli, na uligeuze donge taratibu pande zote.

Kama hujawahi kumchunguza kaa wa kawaida, mnunue mmoja sokoni kwanza. Kaa koko ni mzuri sana kwa somo hili. Kabla ya kumla, mtazame: gamba la juu lilivyo pana, macho yalipo kati ya pembe mbili za mbele, magando mawili yalivyokunjwa mbele ya mdomo, miguu minne kila upande, na mkia uliokunjwa chini ya tumbo. Mkia huo ukiwa mwembamba ni dume; ukiwa mpana na wa mviringo ni jike. Haya yote utayakuta kwenye kaa wa Sheppey, katika mpangilio ule ule. Unapomtoa kwenye jiwe, mkia ukijitokeza mpana chini ya sindano yako baada ya miaka milioni 50, utajua ulikuwa unamsafisha jike, na hapo hutahitaji mtu kukueleza kwa nini tunajisumbua.

Jiulize maswali haya kwa mpangilio:

*Ni kaa au ni kamba?* Kamba aliye wa kawaida zaidi Sheppey ni Hoploparia gammaroides. Yeye ni wa ukoo wa kamba wa Ulaya wenye magando makubwa, si wa ukoo wa kambakoche wa pwani yetu ambao hawana magando ya namna hiyo. Kwenye jiwe utamtambua kwa gamba refu lenye mfuo uliokatiza nyuma ya kichwa, na pingili za mkia. Donge lake mara nyingi ni refu. Kaa naye ni mpana. Zanthopsis ana mgongo uliovimba wenye vilima laini. Xanthilites bowerbanki ana miiba ukingoni. Dromilites ni mviringo na mwenye vinundu vingi. Wengi wa hawa walielezwa na Thomas Bell, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, mwaka 1857, na majina yao yamebadilika hapa na pale tangu hapo. Jina lisikuhangaishe kwa sasa. Umbo ndilo litakaloiongoza sindano.

*Mbele ni wapi?* Tafuta sehemu moja tu ya uhakika: mwiba wa ukingoni, shimo la jicho, gando. Kaa ana pande mbili zinazofanana, kwa hiyo ukishapata mstari wa katikati, kila ulichokiona kushoto kinakuambia kilichofichika kulia. Chora mstari huo kwa penseli juu ya jiwe. Chora pia unapodhani gamba linaishia.

*Miguu inaelekea wapi?* Kila duara jeusi ni mguu unaoingia ndani ya jiwe au unaotoka. Duara kamili maana yake mguu unaingia wima. Yai refu maana yake umelala. Andika pembeni mwa kila duara mshale wa unakodhani unaelekea.

*Ni mwili au ni joho aliloliacha?* Kaa hukua kwa kuvua gamba la zamani. Gamba hufunguka upande wa nyuma na mnyama hutoka kinyumenyume. Visukuku vingi vya kaa ni magamba yaliyovuliwa hivyo. Ukiona gamba la juu limeinuka au limesogea, na kuna pengo la jiwe kati yake na sehemu ya chini, huenda ni vazi na si mwili. Hapo usitegemee miguu iwe mahali pake. Chonga kila mguu kwa kuufuata, usikisie.

Piga picha za pande zote kabla ya kwenda mbele. Ukipotea katikati ya kazi, picha hizo ndizo ramani yako.

6. Gundi kabla ya kuchonga. Yeyusha gramu 5 za Paraloid B-72 kwenye mililita 100 za asetoni, ndani ya chupa ya kioo, dirisha likiwa wazi na pasipo moto wowote karibu. Maji maji haya hunywewa na nyufa na kukaza gamba linalobomoka. Paka kwa brashi palipo dhaifu tu, siyo donge zima. Kwa kuunganisha vipande, tengeneza iliyo nzito: gramu 40 kwa mililita 60. Uzuri wake ni kwamba asetoni huiyeyusha tena, kwa hiyo ukikosea kuunganisha unaweza kurudi nyuma. Gundi za kukauka papo hapo hazikupi nafasi hiyo kirahisi.

7. Chonga. Vaa barakoa, miwani na vizuia sauti kila mara, hata kwa kazi ya dakika mbili. Vumbi la mawe huharibu mapafu na haliwashi wala kuuma siku unayolivuta. Fanyia kazi ndani ya boksi lililo wazi mbele, na mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi ukiwa umewekwa ubavuni.

Anza pale gamba lilipo wazi tayari na usogee kutoka hapo kidogo kidogo, ukilifuata chini ya jiwe. Usianze kutoboa sehemu isiyoonyesha kitu ukitumaini kukutana na kaa. Ncha ya kalamu ielekee pembeni, sambamba na gamba, kamwe isimwangalie kaa uso kwa uso. Unachotaka ni jiwe lililo juu ya gamba liruke lenyewe kama ganda. Kwenye madonge mengi ya Sheppey kuna mpaka mwembamba kati ya gamba na jiwe, na ukiugusa vizuri, kipande hutoka kizima na kuacha uso unaong'aa.

Ukikaribia gamba, acha unene wa ukucha wa jiwe juu yake. Huo utautoa mwishoni kwa sindano chini ya darubini, sauti ya kompresa ikiwa imezimwa.

Utaratibu wangu, na ninaupendekeza kwa nguvu: mgongo kwanza, kisha kingo na macho, kisha magando, miguu mwisho. Miguu ni myembamba na hutegemea jiwe lililo chini yake. Usiichonge ikabaki hewani. Mwache kaa alale juu ya kitanda cha jiwe lake. Ana usalama zaidi na anapendeza zaidi.

*Tahadhari.* Simama kila unapoona rangi mpya. Vumbi likibadilika kutoka kijivu kuwa kahawia iliyokolea, umegusa gamba.

8. Usafi wa mwisho. Walio na mashine ya kurusha poda hutumia bikaboneti ya soda ile ile ya kuokea, kwa presha ya chini, kuondoa utando wa mwisho. Ijaribu kwanza pembeni ya jiwe. Asiye nayo atumie sindano na mswaki mkavu. Matokeo yanakaribiana, muda ndio unatofautiana.

9. Lebo na mahali pa kukaa. Paka tone la Paraloid chini ya donge, likikauka andika namba kwa wino juu yake, na namba hiyo iingie daftarini pamoja na yale uliyoyaandika ufukweni. Hifadhi mahali pakavu. Unyevu wa hewa usizidi asilimia 50 kama kuna dalili ya pairiti. Boksi lenye mfuniko na vifuko vya silika vinatosha. Ukipata kaa usiyeweza kumfananisha na yeyote, mpigie picha na uwaonyeshe wataalamu wa Natural History Museum, London, ambao wana mkusanyo mkubwa wa visukuku vya Sheppey.

Mambo yakienda kombo

*Gamba linatoka pamoja na jiwe.* Simama. Huenda gamba limeshikana na jiwe la juu kuliko la chini. Rudisha kipande kwa Paraloid nzito, kiache kikauke siku nzima, kaza ukingo wake kwa ile nyepesi, kisha uendelee kutoka upande mwingine.

*Mguu umevunjika na kuruka.* Zima hewa kabla hujainuka. Utafute kwenye vumbi la boksi kwa mswaki na kioo, usiwashe mashine ya kufyonza. Ndiyo maana tunafanyia ndani ya boksi.

*Nimechonga na gamba limeishia ghafla.* Linganisha na upande wa pili kwa ule mstari wa penseli. Kama upande wa pili unaendelea, hapa gamba limekatika au limezama chini zaidi. Chunguza kwa sindano. Kama pande zote zimeishia sawa, huo ndio ukingo wake halisi.

*Unga wa manjano au mweupe na harufu ya kiberiti.* Pairiti inaoza. Mtenge na visukuku vingine leo hii, mkaushe, ondoa unga kwa brashi kavu, na uombe ushauri wa mtaalamu. Usimwoshe kwa maji.

*Mtu ameniambia siki inafanya kazi haraka.* Siki hula chokaa, na gamba la kaa lina chokaa. Haitofautishi adui na rafiki.

*Paraloid imeacha mng'ao wa plastiki.* Umepaka nyingi. Futa taratibu kwa brashi yenye asetoni safi.

*Donge langu halina kitu ndani.* Hutokea mara nyingi. Kama hukuona gamba wala duara la mguu kwa nje, usilipasue ili kuhakikisha, lirudishe ufukweni.

*Nimeona kisukuku nyumbani, pwani ya Kenya au Tanzania. Nikichonge hivi hivi?* Hapana. Usikiokote kabisa. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Zote zinalinda visukuku, na ruhusa ya Sheppey haivuki bahari. Kipige picha kikiwa mahali pake, weka sarafu au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, chukua vipimo vya ramani kwenye simu, na upeleke taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya nchi husika. Kama kipo chini ya mstari wa maji kujaa, taja hilo kwenye taarifa na uipeleke siku hiyo hiyo.